Siku Niliyomfaulisha Karisa

Nikipita Mariakani hadi leo, hufunga dirisha la gari. Niliyekaa naye hudhani naogopa vumbi. Vumbi siliogopi, nimelelewa Ganze, na huko vumbi tulilinywa pamoja na uji. Ninachokikimbia ni harufu ya breki za malori zilizopata moto, ikichanganyika na dizeli iliyomwagika njiani. Harufu hiyo ikinifikia puani, namwona tena msichana wa miaka tisa amesimama nje ya darasa, kashika nondo za dirisha kwa mikono miwili, nyusi zake zinapanda na kushuka. Msichana huyo ni mimi, na nilikuwa karibu kumharibia mdogo wangu maisha huku nikijiona hodari.

Mdogo wangu ni Karisa. Wakati huo alikuwa na miaka saba na hakuna aliyewahi kumsikia akitamka neno. Mama alisema kabla hajajua kutembea alikuwa ameanza kuita "ma, ma", kisha homa kali ikamshika, akalazwa siku nyingi, na aliporudi nyumbani alirudi kimya. Mama akasema mtoto hasikii. Hawe, yaani bibi yetu mzaa baba, akasema anasikia vizuri sana ila ni mkaidi, ukaidi wa marehemu babu. Walibishana hivyo miaka yote, na kila mmoja alikuwa na ushahidi wake. Ushahidi wa Hawe nilikuwa nikiutengeneza mimi.

Sikukusudia. Nilipewa kazi ya kumchunga Karisa tangu alipoanza kutambaa, na katika kumchunga tukapata lugha yetu ya uso. Nikiinua nyusi, maana yake unaitwa. Nikipeleka macho upande, ndiko anakoitwa. Nikiuma mdomo wa chini, acha hilo, lina hatari. Nikikunja pua, kaa mbali na huyu, leo ana hasira. Yeye naye akiinua nyusi, alikuwa ananiuliza: nani ananiita? Tulifanya haraka kiasi kwamba hata mama hakuona. Hawe akiwa jikoni ataita jina lake mara moja, mimi nainua nyusi, Karisa anageukia jikoni, na Hawe anawatazama waliopo kama hakimu aliyemaliza kesi. Nilijivunia kazi hiyo kuliko wengi wanavyojivunia vyeo. Nisipokuwepo watoto wa jirani walimcheka Karisa. Nikiwepo hawakupata pa kuanzia, kwa sababu nikiwepo alikuwa mtoto kama wao.

Shida ikaja kwenye shule. Shule ya kijijini ilimpokea, ikamrudisha kabla muhula haujaisha. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi hadi wengine wanakaa chini mlangoni, na huyu wetu alikuwa akiondoka zake kila alipochoka kutazama midomo ya watu. Mimi nilikuwa darasa la tatu, ng'ambo ya uwanja, na nyusi zangu hazikufika huko. Siku aliporudishwa, mama aliweka chini ndoo ya maji aliyotoka nayo mbali, akasema basi, tunahama. Hakuna aliyebisha. Ubishi ulianza baadaye, tulipofika kwenye swali la wapi.

Mama alikuwa na dada yake mkubwa aliyeolewa Takaungu na kusilimu huko, mama mkubwa Zainabu. Alikuja kututembelea amefunga nazi katika leso, na kabla hajamaliza maji ya kunywa akatoa habari iliyomleta. Kuna shule, alisema, kati ya Takaungu na mji wa Kilifi, ina darasa la watoto viziwi. Amewaona kwa macho yake wakizungumza kwa mikono, wakigombana kwa mikono, mpaka wakisengenyana. Amemuuliza mwalimu wao, na mwalimu amesema imebaki nafasi moja, mtoto aletwe na karatasi ya mpimaji wa masikio kabla shule hazijafunguliwa. Zilikuwa zimebaki wiki mbili. Nyuma ya nyumba yake mama mkubwa kulikuwa na chumba, na mumewe hakuwa na neno.

Lakini baba naye alikuwa na pa kwenda. Kaka yake, baba mkubwa, alikuwa Mariakani kwenye uwanja wanakolala malori, na alikuwa amemtafutia kazi ya kupakia na kupakua. Vyumba vipo, shule ipo, tena ina darasa la watoto wazito wa kuelewa. Kwa baba darasa maalum lilikuwa darasa maalum. Kwa mama ilikuwa sawa na kumpeleka mwenye jino kwa fundi wa baiskeli, na alimwambia hivyo.

"Takaungu nitakuwa nani?" baba aliuliza. "Nitakaa kwenye shamba la mtu. Nikikata mti niombe ruhusa, nikizika mtu niombe ruhusa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni."

"Na hapa una nini?" mama akamjibu. "Shamba lako hili linazaa jua."

Siku mbili hawakusemezana ila kwa kunituma mimi. Ya tatu wakapatana, na nilisikia walivyopatana kwa kuwa nilikuwa napepeta mahindi upande wa pili wa ukuta. Mwalimu anayepima watoto alikuwa anakuja zahanati ya Ganze Jumanne. Baba akasema karatasi ya mpimaji ndiyo itakayoamua. Ikisema kiziwi, tunakwenda kwa Zainabu. Ikisema vingine, tunakwenda Mariakani, na yeye asisikie maneno tena. Mama alikubali upesi mno. Hakuwa na shaka hata chembe na karatasi hiyo.

Ningekuwa na akili ya leo, ningekaa nyumbani Jumanne hiyo nikapepeta mahindi yangu. Lakini nilimuuliza mama kutafanyika nini huko, naye, akiwa na haraka zake, akasema Karisa atafanyiwa mtihani mdogo ili apate shule. Mtihani niliujua. Kwetu aliyeshindwa mtihani alilala juu ya dawati mbele ya wenzake akachapwa, kisha akarudishwa darasa la nyuma. Karisa hakuwa hata na darasa la nyuma la kurudishwa. Nilipiga hesabu hiyo usiku nimelala naye kwenye mkeka mmoja, nikaapa hatashindwa.

Tulitoka alfajiri, sisi wanne na Hawe, tukafika jua limeshapanda. Mpimaji alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, sauti yake ya upole. Alikuwa na mashine ya kupimia masikio, lakini siku hiyo umeme haukuwepo, basi akatoa kikapuni kengele ndogo, kigoma, na kopo la maziwa lenye punje za mahindi ndani. Wazazi na Hawe aliwaweka mlangoni. Alipotaka kunitoa na mimi, Karisa akaangua kilio cha kutisha, kile chake kisichokuwa na mwanzo wala mwisho. Mpimaji akaona bora nibaki. Akanikalisha mkekani mbele ya Karisa, goti kwa goti, mlango mgongoni mwangu, akanionya nisiseme neno wala nisimguse. Yote mawili niliyatii.

Mchezo wenyewe ulikuwa mwepesi. Karisa alipewa rundo la vifuniko vya soda na bakuli. Mpimaji akapiga kigoma mbele yake, akachukua kifuniko, akakitia bakulini. Akarudia. Karisa akaelewa papo hapo: pigo moja, kifuniko kimoja. Kisha yule mama akazunguka, akasimama nyuma yake, macho kwenye mkono wake na bakuli.

Akatikisa kopo. Mimi nilisikia punje zote. Karisa alikuwa ananitazama usoni, kifuniko mkononi, anangoja. Mpimaji akaandika kitu kwenye karatasi, na kalamu yake ilikuwa nyekundu. Akapiga kengele. Karisa akangoja. Kalamu ikaandika tena. Nilijua alama nyekundu ni nini. Daftari langu la hesabu lilikuwa nazo za kutosha. Makosa mawili tayari, na mwenyewe hana habari, amekaa na kifuniko chake.

Kopo lilipotikiswa mara ya tatu, niliinua nyusi.

Karisa akatia kifuniko bakulini. Mpimaji akasimama kidogo, kisha akatikisa taratibu zaidi. Nyusi, kifuniko. Akarudi nyuma hatua mbili. Nyusi, kifuniko. Akatikisa kwa ncha za vidole, mpaka ikawa kama panya anapita kwenye makuti, na mimi nimekaza masikio hadi yananiuma, jasho linanitiririka mgongoni, nikikosa moja tu Karisa amekwisha. Sikukosa. Akarudia vile vya kwanza alivyoviandika kwa wekundu, navyo Karisa akavipata. Nakwambia siku hiyo hakukuwa na mtoto Ganze nzima aliyesikia vizuri kuliko yule kiziwi wetu.

Mpimaji akakaa. Alimpa Karisa vibao vya maumbo apange, Karisa akavipanga kabla hajaondoa mkono wake. Mpimaji akamuuliza mama kama ni kweli nyumbani haitiki, mama akasema haitiki, hasikii, mimi ndiye niliyemzaa. Hawe akaingilia kati kutoka mlangoni kwamba anasikia akitaka, na yeye ndiye aliyemzaa aliyemzaa. Baba akataja darasa la Mariakani. Mwishowe yule mama akasema mambo haya hajayaelewa sawasawa. Lakini mtoto anayesikia punje zikigusana, yeye hawezi kumwandikia nafasi ya viziwi, ambayo kuna kiziwi mwingine anaingoja. Aanzie kwenye lile darasa la Mariakani, aletwe tena baada ya muhula. Akaandika, akapiga muhuri.

Njiani baba alitangulia na karatasi mfukoni mwa shati. Hawe alikuwa na la kusema juu ya kila mti tulioupita. Mama alibaki nyuma, macho kwenye kisogo cha Karisa, na nilitembea karibu naye nikingoja sifa zangu. Nilikuwa nimechoka kama niliyelima. Aliniuliza swali moja tu.

"We, kopo lile la mwisho ulilisikia?"

Nikasema nililisikia. Hakuniuliza tena, na uso wake ulinitia hofu ambayo sikuijua sababu.

Sababu niliijua siku tatu baadaye. Kabla ya karatasi ile, baba hakuwahi kumgusa Karisa. Alimwona kama mgonjwa, akamwacha. Sasa alikuwa na mtoto mwenye masikio mazima kwa muhuri wa serikali, na akaanza kumtuma kama alivyonituma mimi. Alimwita kwa nyuma, akingoja. Nikiwa karibu, mambo yalikwenda. Ijumaa nilikuwa nimekwenda maji. Nilipokuwa narudi, mtungi kichwani, niliona mbuzi wetu wamejaa kwenye mahindi ya jirani, yale machache yaliyokuwa yamebahatika. Karisa alikuwa amefungua zizi. Baba alikuwa amemkataza kwa mbali, mara tatu, mwenyewe alisema mara tatu, huku mtoto amempa mgongo anaendelea kufungua.

"Unasikia," baba alikuwa akisema, na fimbo inashuka. "Karatasi imesema unasikia."

Karisa hakulia. Alikuwa ananitafuta, akanipata, akanitazama juu ya mkono wa baba uliomshika. Akainua nyusi. Nani ananiita? Alikuwa anauliza swali letu, anachapwa na anadhani kuna mtu amemwita mahali na mimi sikumwambia.

Niliweka mtungi chini, nikaenda kujificha nyuma ya choo. Ningesema wakati ule. Najua ningepaswa kusema, na sina cha kujitetea ila miaka tisa. Lakini akili yangu ilikuwa bado imefungwa kwenye ule mtihani. Nilijua anayeibia mtihani hufukuzwa, na aliyesaidiwa naye hunyang'anywa alama zake. Nikisema, Karisa atanyang'anywa Mariakani, atabaki bila shule yoyote, na fimbo atakayopigwa itakuwa ya kwangu. Basi nikaamua kuwa sitamwacha tena hata kwenda maji. Nilianza kwenda naye kila mahali, chooni nikimngojesha mlangoni. Usiku nilishika shuka lake. Mama alituangalia wote wawili.

Jumatatu ya wiki iliyofuata, siku shule zilipofunguliwa, tukaenda Mariakani kuona vyumba na darasa. Mbuzi walikuwa wameshapata mnunuzi, na lori la mkaa lilikuwa limekubali kutubebea vyombo Jumamosi. Mama ndiye aliyeshikilia kwamba hahami kabla hajaliona darasa hilo kwa macho yake. Tuliteremka barabarani kwenye ile harufu niliyowaambia. Lori likapiga honi nyuma yetu, honi ya kukutoa roho, sisi watatu tukaruka pembeni. Karisa alikuwa ameangalia chini anaokota kifuniko cha chupa, nami nilimvuta mkono. Baba aliona. Nilimwona alivyoona. Akakunja uso, akaendelea na safari.

Mwalimu wa darasa lile alikuwa mzee wa makamo, nywele zina mvi pembeni. Baba na mama walimwamkia, naye akawakalisha kwenye benchi fupi la watoto pale ndani. Akasema Karisa aingie akae na wenzake, yeye awatazame tu. Mimi akaniambia nicheze nje. Ndipo nikaenda dirishani, nikashika nondo.

Watoto walikuwa wanaimba na kupiga makofi, mwalimu akitaja jina mtoto anasimama. Karisa alinitafuta, akaniona, akatulia. Wakipiga makofi, nilimtolea ishara akapiga. Lilipotajwa jina lake, niliinua nyusi, akasimama. Baba alimgeukia mama akatikisa kichwa kama kusema, si unaona. Nilikuwa nafanya kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya.

Mwalimu hakuwa akimwangalia Karisa. Alikuwa akiangalia macho ya Karisa yanakokwenda. Bila haraka, huku anaendelea kuimba, alitembea mpaka dirishani, akavuta mbao za dirisha, akalifunga mbele ya pua yangu.

Nilisimama pale nikitazama mbao. Ndani niliwasikia wakiimba. Nilisikia makofi. Nilisikia mwalimu akitaja jina la Karisa, akataja tena, akataja mara ya tatu kwa sauti kubwa, na wimbo ukakatika. Kisha mlango ukafunguliwa.

"Binti, njoo ndani," mwalimu alisema.

Niliingia. Karisa alikuwa amekaa ameshika magoti, anatazama dirisha lililofungwa. Mwalimu aliniuliza mbele ya wazazi wangu, kwa upole wa kunitia baridi, nimekuwa nikimsaidia ndugu yangu hivi tangu lini. Nikamtazama baba. Nilijua naweza kusema sijui, nilikuwa nacheza. Baba angefurahi kuliamini. Vyumba vilikuwa vimeshapatikana, mbuzi wameshauzwa, na Karisa alikuwa na shule.

Lakini Karisa alikuwa ameniona, na akainua nyusi. Nani ananiita?

"Hasikii," nikasema. "Hajawahi kusikia. Hata siku ile kwa mpimaji ni mimi."

Nikasema yote, kopo, kengele, kalamu nyekundu, nikasema mpaka za Hawe za jikoni. Nililia hadi kamasi zikaingia mdomoni. Mwalimu aliwatoa watoto wengine nje wakacheze. Akawaambia wazazi wangu kwamba watoto wake ni wazito wa kuelewa na yeye anawapenda, ila huyu si mzito. Huyu amejifunza kusoma uso wa mtu mmoja kwa sababu hakuna aliyempa kitu kingine cha kusoma. Akikaa hapa atakua mpole, atafagia vizuri, na hatakuwa na lugha. Alisema hivyo hivyo, hatakuwa na lugha.

Baba aliinuka. Nilijikunyata nikingoja kibao. Alinipita, akaenda akasimama nyuma ya Karisa, akapiga makofi mara moja, kwa nguvu, yale makofi ya mtu anayefukuza ndege shambani. Mimi nilishtuka. Mama alishtuka. Karisa alikuwa akichora kwa kidole kwenye vumbi la sakafu, akaendelea kuchora.

"Nimempiga," baba alisema. Hakuwa anamwambia yeyote. "Nimempiga kwa sababu ya karatasi."

Mama akashika kanga yake, akaifunga vizuri, akasema kama tukiondoka sasa tutamkuta mpimaji ofisini kwake Kilifi. Baba hakuuliza habari za kaka yake wala za lori la mkaa. Tulipita Kaloleni, tukateremka Mavueni. Nilikuwa nimekaa na Karisa mapajani na nilikuwa na hofu moja tu, kwamba ile nafasi moja imeshachukuliwa, na aliyeitupa ni mimi.

Mpimaji alikuwa anafunga mlango. Mama alimsimulia palepale kizingitini. Yule mama akanitazama, akavua miwani akaifuta kwa nguo yake, akafungua tena mlango. Safari hii umeme ulikuwepo na mashine ilikuwepo, na mimi nilikalishwa nje kwenye ngazi. Lakini kabla ya mashine alianza na vile vya kikapuni, na ukuta ulikuwa mwembamba. Nilisikia kopo. Nikangoja mlio wa kifuniko kikianguka bakulini, haukuja. Nilisikia kengele, kisha kimya. Nilisikia kigoma, pigo dogo, kisha kubwa, kisha kubwa la kutikisa dirisha, na baada ya kila pigo kimya kile kile. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilielewa Karisa anaishi wapi. Niliziba masikio kwa viganja nikakaa huko naye kidogo, mpaka mlango ukafunguliwa.

Mpimaji aliniletea maji ya kunywa. Akasema kosa ni lake, ni yeye aliyetakiwa kunitoa chumbani siku ile hata mtoto angelia vipi. Sikumwamini, na mpaka leo namwamini nusu tu. Karatasi mpya tukaipeleka shuleni asubuhi yake, baada ya kulala kwa mama mkubwa. Mwalimu wa viziwi alisema kuna mama mwingine aliyesema ataleta mtoto, na alimngoja hadi jana jioni. Akamchukua Karisa.

Tulihama, basi, kwenye kile chumba cha nyuma. Baba alipata kazi ya kukwea na kuangua nazi katika shamba la mtu, akawa anaomba ruhusa kukata kuni, yale yote aliyosema hatayaweza. Alikuwa mtu wa bara asiyejua minazi na alianguka mara mbili. Sikumsikia akinung'unika. Hawe alibaki Ganze na mbuzi wawili waliosalia na hakukubali mpaka anakufa kwamba Karisa hakumsikia. Kwenye fimbo ile baba hakurudi tena, wala hatukuitaja, yeye na mimi, hadi tulipomzika. Kila mmoja wetu alikuwa na sehemu yake na tuliibeba kimya kimya.

Karisa sasa ni fundi seremala Malindi, ana mke na watoto wawili wanaopiga kelele zote anazokosa yeye. Anazungumza kwa mikono upesi hadi namwomba arudie. Miezi michache iliyopita nilimkuta karakanani anapiga randa mlango, nikaamua nimwambie. Nilikuwa sijawahi kumwambia. Tangu alipopata lugha ya kuambiwa, nilikuwa nikitafuta siku nzuri, na siku nzuri haikuja. Nilimweleza kwa mikono yangu mizito: zahanati, kopo lililokuwa nyuma yake, nyusi, karatasi, na kwamba fimbo ya baba siku ya mbuzi ilikuwa yangu. Nikamwomba msamaha.

Alifuta vumbi la mbao mikononi.

Alisema kopo hakujua kama lipo. Alichokiona ni mimi tu.

"Nilidhani ni wewe unayepimwa," akasema. "Yule mama alikuwa akiandika, na wewe ulikuwa unatetemeka. Kila nikitia kifuniko, unapumua. Nikaona nisipotia, watakupiga."